Nani Aliutoa Wimbo wa Gemu

Mwalimu wa kwaya wa kigango chetu cha Milanzi hakuwahi kusema "re" maishani mwake. Alisema "le". Do, le, mi, fa, so, la, ti, do. Alikuwa Mfipa wa kijijini kabisa, Kiswahili alikikuta shuleni, na ulimi wake haukuwa na nafasi ya herufi ile. Kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha kusoma nota, kwaya nzima ilisema "le". Hata waliokuja Milanzi kutoka Kigoma na Mbeya na "re" zao safi walizipoteza ndani ya miezi mitatu. Padri mmoja mgeni alijaribu kutunyoosha. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, kisha akatugeukia.

"Haya, sauti ya pili. Anzieni le."

Namwandika mzee huyu nikiwa na uzito moyoni, na ni bora niseme mapema kwa nini. Mimi ndiye niliyempeleka redioni. Kwa mdomo wangu na simu yangu, dada mmoja, msanii mkubwa wa bongo fleva, aliitwa mwizi wa nyimbo nchi nzima. Nilifanya hivyo nikiamini namtetea mwalimu wangu. Mimi ni mshona nguo, nimezoea kukata kitambaa baada ya kupima mara mbili. Siku ile sikupima hata mara moja.

Kwa umbo Mwalimu alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sweta moja la kahawia ambalo nililitia viraka mpaka likawa langu zaidi kuliko lake. Sumbawanga yetu ina baridi, na mwezi wa sita upepo unapita katikati ya matofali, lakini yeye alifungua madirisha yote ya kanisa wakati wa mazoezi. Alisema mwenye joto anasinzia. Mfukoni alitembea na kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Akitaka kutupa sauti ya kuanzia alikigonga kwa ukucha wa kidole gumba, akasikiliza, akasema, "Hiyo ni so." Mpiga kinanda wetu alijaribu kumkamata mara nyingi. Aligonga kinanda baada ya kikombe, na kila mara ilikuwa so.

Ulimi wake ulikuwa mkali. "Sauti ya pili, mnaimba au mnateta?" Hilo lilikuwa letu, wanawake wa sauti ya pili, na kusema kweli mara nyingi tulikuwa tunateta. Aliyechelewa alisimama mlangoni akashika daftari la mahudhurio mpaka wimbo uishe, awe mama wa watoto sita, awe diwani. Lakini nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mtoto akawa dhaifu na mimi nikawa sili, alitembea na mvua kuja kwetu, akaketi kwenye kigoda, akaniimbia sauti ya besi ya wimbo wa Pasaka, besi peke yake, beti zote nne. Nilimwuliza kwa nini haimbi sauti ya kwanza ambayo angalau inaeleweka. Akasema, "Hiyo utaisikia mwenyewe juu yake." Na kweli niliisikia. Nilikula jioni ile.

Bongo fleva aliipiga marufuku. Mwanakwaya akikutwa ameweka mlio wa bongo fleva kwenye simu alipewa mwezi mzima wa kufagia kanisa. Siku moja nikampelekea sweta lake, nikapita nyuma ya nyumba, nikamkuta ameinama kando ya banda la kuku na redio ndogo sikioni. Ilikuwa inapiga kibao kipya cha yule dada. Alikuwa anakifuata kwa midomo, neno kwa neno, bila kukosea. Aliponiona alizima redio na kuniuliza kama kuku wangu nao wanataga vibaya kipindi cha baridi. Nilimjibu habari za kuku, tukaishia hapo.

Yule dada tulimjua wote. Alikuja Milanzi akiwa na miaka kumi na miwili, kutoka Kirando, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kukaa kwa shangazi yake apate kusoma. Mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nakaribia kuolewa. Watoto wenzake walimtania kwamba ananuka dagaa, naye akawajibu kwamba wao hawanuki kitu kwa sababu hawali kitu. Alikuwa na sauti ambayo ukiwa umesimama mbele yake unageuka. Kingine, hakunyamaza kamwe. Akifagia anaimba puani, akisubiri mazoezi anaimba puani, tukila anaimba puani na ugali mdomoni. Alikaa nasi miaka mitatu, akaenda Mbeya kwa ndugu, kisha Dar es Salaam, kisha tukaanza kumwona kwenye televisheni za vibandani akiwa na nywele ndefu za rangi ya machungwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu aliyepita kwaya ile analikumbuka: Mwalimu na majina ya watunzi. Wimbo wa kanisa unaandikwa kwenye karatasi, nota juu na maneno chini, na pembeni kulia juu linaandikwa jina la aliyeutunga. Karatasi hizo zinatembea kutoka kigango hadi kigango, zinapigwa kopi na kopi ya kopi, na wapo wanaoziba jina la mtunzi kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga kopi, ili ionekane wimbo ni wa kwao. Kitu hicho Mwalimu alikichukia kuliko ulevi. Karatasi isiyo na jina aliishika kwa ncha za vidole viwili, akaituma ilikotoka ikatafutiwe mwenyewe.

Besi wetu mmoja alikuwa Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, kijana mpole mwenye sauti ya kutikisa benchi. Alituletea wimbo mzuri kutoka parokia nyingine, na pembeni kulia alikuwa amejaza jina lake mwenyewe. Sidhani kama alijua uzito wa jambo hilo. Alipenda tu kuliona jina lake pale. Mwalimu aligundua kwa sababu aliujua mkono wa mtunzi. Alimsimamisha mbele yetu sote.

"Soma jina lililoandikwa hapo."

Kijana akasoma jina lake.

"Soma tena. Kwa sauti ya besi."

Akasoma. Alisomeshwa mara kumi, mpaka machozi yakamtoka, na sisi tukatazama sakafu. "Umemfuta mtu," Mwalimu alisema. "Mtu yupo hai, anakula, anavaa, na wewe umemfuta." Kijana hakurudi tena kwaya. Kwa miaka mingi niliisimulia habari ile kwa fahari, kwamba sisi tulilelewa na mtu wa namna hiyo.

Mwenyewe alikuwa mtunzi, ingawa nitasema jambo ambalo wanakwaya walikuwa wananong'ona tu. Nyimbo zake zilikuwa nzito. Alikuwa na kaunta buku yenye jalada jeusi, nyimbo thelathini na kitu ndani yake, kila moja na jina lake pembeni kulia kwa mwandiko wa kulala, na karibu zote zilikuwa sahihi kabisa na hazikumgusa mtu. Isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa wa Krismasi, na kiitikio chake kilishuka mbio ngazi kwa ngazi, kikanyamaza ghafla, kisha kikaruka juu mahali ambapo hukukitegemea. Watu walicheka kwa furaha walipousikia mara ya kwanza. Vigango vya jirani viliuomba, parokia ikauomba. Hakuna aliyeuita kwa jina lake la karatasini. Tuliuita wimbo wa Mwalimu, naye hakutukataza.

Gemu ilinikuta kwa mume wangu. Ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kasanga, na akifika bandarini anaweza kusubiri meli siku mbili. Mtu mzima mwenye kitambi akajifunza kucheza gemu ya simu ya kukimbiza mitumbwi ziwani, gemu iliyotengenezwa na kampuni moja ya vijana Dar es Salaam. Alirudi nyumbani nayo. Nilikuwa nakata suti ya kitenge, yeye kalala kwenye kochi anapiga kasia kwa kidole, na muziki ukabadilika kwa kuwa alikuwa amevuka hatua. Nikasikia sauti ya mwanamke, mbali kidogo nyuma ya ngoma, inaimba kwa nota, kwa sauti ya puani: so, fa, mi, le, do.

Le. Niliweka mkasi chini.

"Rudisha hapo," nilimwambia.

"Nikirudisha nitapoteza mtumbwi wangu."

"Mume wangu, rudisha."

Akarudisha, akapoteza mtumbwi, akanuna. Mimi nilikuwa nimeshaujua. Ulikuwa wimbo wa Mwalimu, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa Kirando.

Kumbe nchi nzima ilikuwa tayari inabishana. Mashabiki wake walikuwa wameitambua sauti na kudai dada yao ndiye aliyetunga muziki wa gemu ila kampuni imemficha jina. Kampuni ikasema muziki ulitungwa na watu wake wa ndani. Yeye mwenyewe alipoulizwa kwenye mahojiano alijibu kwa ufupi, "Sijatunga mimi." Hapo ndipo maneno yakazidi. Wapo waliosema anaona aibu kutajwa kwenye mchezo wa watoto, wengine wakasema amefungwa mdomo na mkataba. Hata vijana wa bodaboda hapa Milanzi waligawanyika, wengine ametunga, wengine hajatunga, na abiria akafika akasubiri wamalize. Mimi nikajiambia, sisi tunaojua tutanyamaza mpaka lini?

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilimpigia ile sauti kwenye simu. Aliisikiliza amefumba macho, akaomba nirudie, nikarudia. Kisha nikawasha kurekodi na kumwuliza kama tulivyozoea kuulizana katika sala za jumuiya, nani atatoa wimbo, nani ametoa wimbo.

"Mwalimu, wimbo huu nani aliutoa?"

Aliitazama simu mkononi mwangu. Kuku walipita, jirani akamwita mtoto. Nilidhani anachelewa kwa uzee.

"Niliutoa mimi," alisema.

Sikuhitaji zaidi. Nikatuma redioni pamoja na picha ya ukurasa wa kaunta buku, na jina lake pembeni kulia. Kesho yake asubuhi ilikuwa habari ya kwanza, na kufika mchana imevuka mkoa. Mzee maskini wa Ufipa, mwalimu wa kwaya, kaibiwa wimbo na mwanafunzi wake mwenyewe. Sitarudia matusi aliyotukanwa yule dada. Aliitwa mwizi, aliitwa asiye na shukrani, mtu mmoja akawatukana hadi samaki wa kwao. Alikuwa aje kuimba hapa Sumbawanga, mabango yameshabandikwa, na waandaaji wakaogopa vurugu wakaahirisha. Siku ya tatu akatoa maelezo. Alisema alikuwa studio kwa kazi nyingine, amepumzika, anaimba puani, na hao wa gemu wakarekodi na kumwomba watumie. "Ndiyo maana nilisema sijatunga mimi," alisema. "Ni wimbo wa Mwalimu. Nilipaswa kumtaja. Namwomba radhi mzee wangu." Alinitafuta kupitia redio, akanipa namba yake, akaniomba nimwombee nafasi ya kuongea na mzee. Nilipomfikishia Mwalimu ujumbe alisema, "Mwambie nimesikia." Nikadhani bado ana hasira, nikaona ana haki.

Jumapili iliyofuata Padri alimwita mbele baada ya misa. Akina mama walimvisha kitenge, kanisa zima likapiga makofi na vigelegele, kwaya ikaimba wimbo wake ingawa Krismasi ilikuwa mbali. Alisimama pale anatazama viatu vyake. Nikawaambia wenzangu wa sauti ya pili, mtazameni, huo ndio unyenyekevu. Wiki hiyo hiyo akaacha kufundisha. Alisema ni kifua na baridi. Kikombe cha bati akampa mpiga kinanda.

Mwezi wa saba binti yake akanifuata kwenye kibanda changu cha kushonea, akasema baba ananiita, na nisije na mtu. Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye jua la asubuhi, blanketi magotini, ungo wa maharage mapajani, anayapukuchua taratibu. Nilimwamkia, akaniitikia, nikavuta kigoda. Hakuuliza habari za nyumbani.

"Uliniuliza nani aliutoa."

"Nakumbuka, Mwalimu. Ulisema wewe."

"Niliutoa. Klismasi ile nilisimama mbele nikautoa, nyote mkaupokea. Hukuniuliza nani aliutunga."

 Nilimwuliza basi, nani aliutunga. Alipukuchua ganda moja, la pili.

"Katoto kale ka Kilando."

Alinieleza bila kunitazama. Alimkuta nyuma ya kanisa anauimba puani, akamwuliza ameutoa wapi. Mtoto akasema hajautoa popote. Kwao wakianika dagaa mchangani, watoto wanaachiwa kazi ya kufukuza kunguru, na kila mtoto ana kelele zake. Kunguru walikuwa wamezoea kelele za wenzake, hawakimbii tena. Ndipo akabuni yake, inayoshuka mbio, halafu inanyamaza ili ndege wadhani amechoka, halafu inaruka juu ghafla. Kunguru hao walikuwa wanashtuka mpaka wanaangushana.

"Nikamwambia, imba tena. Akaimba. Nikaandika," alisema. Halafu haraka, kama mtu aliyeguswa kidonda: "Lakini maneno ni yangu. Maneno yote ni yangu."

"Na yeye anajua?"

"Hajui. Kwake zile zilikuwa kelele za kunguu... za kungulu, hazikuwa wimbo. Siku nilipoleta kalatasi mazoezini aliupokea pamoja nanyi. Aliongeza madoido yake mwisho, nikamgombeza kwamba anahalibu." Akaacha maharage. "Nilimgombeza kwa wimbo wake mwenyewe."

Alisema pembeni kulia aliacha wazi mwaka mzima. Kisha parokia wakaomba nota, na nota isiyo na jina hawaipokei, na mtoto alikuwa ameshaondoka kwenda Mbeya. Akaandika jina moja tu alilokuwa nalo karibu. Mwaka uleule, alisema, ndio aliomsomesha yule Msukuma jina lake mara kumi.

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mzee mgonjwa aliyenilisha kwa besi. Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile nilipomwekea simu mdomoni.

"Ulikuja umeshaamua," alisema. "Na mimi... ilikuwa tamu. Miaka yote hakuna aliyenifuata kuniuliza wimbo."

 Ni kweli nilikuja nimeamua. Ni kweli pia kwamba katika nyimbo zake thelathini sikuwahi kumwambia hata mmoja kwamba ni mzuri.

Aliniomba nimpigie yule dada. Alitaka kumwambia mwenyewe. Alijaribu maneno kwanza mbele yangu, kama tunavyofanya mazoezi: wimbo ni wako, mimi niliuchukua, sema kila mahali. Alirudia mara tatu, mara ya tatu sauti haikutetemeka. Nikapiga, nikaweka spika, nikamshikia simu mbele ya mdomo.

Dada alipokea upesi. Nilimwambia ni mimi wa Milanzi, niko na Mwalimu hapa.  Halafu nikasikia analia, si kilio cha msanii, kilio cha mtoto wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Malahaba, mwanangu."

"Mwalimu, nimekukosea. Sikukusudia, Mungu anaona. Nimeshindwa kuimba tangu siku ile. Kila nikifungua mdomo naona nachukua kitu cha mtu. Naomba unisamehe, Mwalimu. Nisamehe tu."

Mzee alifungua mdomo. Nilimwona anavuta pumzi, ile pumzi ya chini aliyotufundisha, ya kuanzia ubeti mrefu. Nilisubiri. Macho yake yalinitazama, yakahama, yakaenda kwenye ungo.

"Nimekusamehe," alisema.

Dada akalia zaidi, anashukuru, anamwombea maisha marefu, anasema sasa atalala. Mwalimu akausukuma mkono wangu wenye simu na kunionyesha kwa kidole kitufe chekundu, nikate.

Sikukata. Nilisogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, nikairudisha simu mdomoni pake.

"Mdogo wangu, usikate simu," nilisema. "Mwalimu hajamaliza."